Mota Iliyokubali Paka kwa Apollinaire Tu

Boti yetu ilikuwa ingali inanuka kasiksi, pombe ya ndizi, siku tulipoifikisha kijijini Shasha. Mwenye nayo, mzee mmoja wa upande wa Minova, alikuwa ameitumia miaka mingi kukamulia ndizi, maana ilikuwa pana kuliko muvure wowote wa mti. Wageni wake walikuwa wanakaa kwenye ukingo wake na vikombe mkononi kama abiria wasiokwenda popote. Ilikuwa boti ya plastiki ngumu, ya wakati wa wazungu wa mashamba, na chini yake ilikuwa imepasuka karibu urefu wa mutu. Mota yake ilikuwa imetundikwa jikoni ndani ya gunia, nyeusi kwa moshi. Bwana wangu Bienvenu alimpa yule mzee mutamba wetu, ng'ombe jike ambayo haijazaa, na mzee akatupa boti, mota, na kasia moja ambalo muke wake alikuwa analitumia kukorogea.

Ule mutamba aliturudishia baba yangu, huko kwetu Kibabi milimani, ng'ombe ya mahari ilipozaa. Kwetu iko vile: ng'ombe inakwenda kwa wazazi wa binti, na mutoto wake anarudi kwa wenye ndoa wapya, ili nyumba yao isimame. Sasa nyumba yetu ilikuwa imesimama juu ya boti yenye tundu.

Mama Kaswera, mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale barabarani, alitoka nje alipoona watu wanaibeba kichwani.

«Dusabe! Ng'ombe yenu imekufa, munaibeba ndani ya sanduku?»

«Haikufa, Mama Kaswera. Imegeuka.»

«Kumbe! Na itazaa nini? Vyura?»

Watu wakacheka. Bienvenu naye alicheka, lakini mguu wake ulikuwa unapigapiga chini. Ule mguu ninaujua. Tangu tulipokimbia milima na kushuka hapa kandokando ya ziwa, haujatulia. Usiku unatikisa kitanda. Mchana unamubeba mpaka barabarani, anasimama anaangalia lori zinazokwenda, kisha unamurudisha, kisha unamubeba tena. Mutu wa milima asiye na shamba anakuwa vile, kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi.

Rafiki yake Merdi alikuwa anapanga safari ya Walikale, kwenye machimbo. Kila jioni alikuja kukaa kwetu na kusema juu ya mashimo ambayo mutu anaingia masikini. Hakusema anatokaje. Kaka yangu Athanase alikwenda vilevile, akapitia Hombo na furaha yake yote, na mpaka leo mama yangu akisikia mlango unagongwa anaamka mbele ya mutu yeyote. Njo maana nilipokubali mutamba utoke, sikukubali juu ya boti. Nilikubali juu ya neno moja Bienvenu aliniambia usiku ule, mkono wake juu ya tumbo langu ambalo lilikuwa bado halina kitu:

«Mota ikiwaka, ninabaki. Barabara ya Sake ikifungwa, watu wote wanageukia ziwa. Nitabeba watu, nitabeba fromage, jibini ya wenzetu, mpaka Goma. Lakini isipowaka, Dusabe, ninapanda lori na Merdi. Siwezi kukaa hapa kama kisiki.»

Basi nikaanza kuiangalia ile mota kama mutu anavyoangalia mutoto mwenye homa.

Kitu cha kwanza kilikuwa kuficha. Siku zile wenye bunduki walikuwa wanapita, na kila chenye injini walikiita chao. Bienvenu alitafuta mahali, akapata: nyuma ya mawe meusi ya volkano, karibu na ziwa, bonde dogo la mviringo kama bakuli. Ukisimama barabarani huoni kitu. Ndani kulikuwa majani marefu, mabichi, ya kufika magoti.

«Muke wangu, angalia! Hakuna mutu anakanyaga hapa. Hata mwizi hajue kama iko.»

Mimi niliangalia yale majani. Shasha yote watu wanagombania majani ya mbuzi, wanakata hata yale ya kaburini.

«Majani mazuri vile,» nikamwambia, «na mbuzi ziko wapi?»

«Weye kila kitu unaangalia na macho ya ng'ombe.»

Nilimuuliza jirani yetu Nicole, mwenyeji wa pale, bila kumwambia tuna nini kule. Alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwa.

«Kule nyuma ya mawe? Siye hatufungiake mbuzi kule.»

«Juu ya nini?»

«Hatufungiake tu. Mama yangu hakufungiaka, na mimi sifungiake.»

Nilidhani ni mambo ya mizimu yao, na mimi niko mukristo. Sikuuliza tena.

Boti tuliiweka juu ya mawe, pembeni, kwenye mtelemko. Dawa ya kweli ya plastiki inauzwa Goma na bei yake ni ya watu wengine. Sisi tulifanya na vilivyokuwapo. Bienvenu alipasua debe la mafuta, akalipiga likalala, akalikata kufuata ufa. Kule juu ya mawe mimi nilichoma godroni, lami ya barabara, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mpaka ikawa uji, nikaipaka, juu yake kipande cha turubai, tena godroni, kisha bati, kisha raba ya shambere kuukuu, mipira ya ndani ya pikipiki, na misumari mifupi iliyokunjwa kwa ndani. Tuliijaza mayi ili tuone wapi inalia. Ililia mahali pengi. Tukakausha, tukapaka, tukajaza tena. Kazi ile niliipenda, sitaficha. Ufa unaujua, unaufuata na kidole, unaona unapungua.

Mota njo ilikuwa kitu kingine.

Fundi wake alikuwa Apollinaire, kijana wa Butembo, mpwa wa Mama Kaswera, anayetengeneza pikipiki kwenye ua wa duka. Mota ya mayi hakuwahi kuigusa, lakini alisema injini ni injini, mayi ao lami. Aliifungua juu ya gunia, akaisugua moshi wa jikoni na petroli, esansi tunavyoiita, na mswaki wa meno, akanunua bujii mpya ya kutoa cheche, akakata gasketi kutoka kwenye karatoni. Kisha akaifunga kwenye ubao, mkia wake ndani ya pipa la mayi ili isichemke, akavuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ilikohoa. Mara ya tatu ikashika, ikapiga kelele mpaka kuku wa Mama Kaswera wakapanda juu ya nyumba.

Bienvenu alinishika mikono mbele ya watu, kitu asichofanyaka. Mguu wake ulikuwa umetulia.

Tuliibeba mpaka kwenye bonde siku iliyofuata, mapema, kabla watu hawajatoka. Pipa letu Bienvenu alilishusha chini kabisa, katikati ya bakuli, na tena akachimba akalizika nusu, ili kelele isipande ikafika barabarani. Akapiga magoti, akavuta kamba. Mota haikushika. Akavuta mpaka mkono ukachoka. Akatoa bujii, akaipuliza, akairudisha. Alikuwa anapumua kama mutu aliyepanda mlima.

«Esansi inanipiga kichwa,» akasema, akatoka kukaa juu ya mawe.

Tuliirudisha kwa Apollinaire. Akavuta kamba, ikawaka.

Tuliirudisha kwenye bonde. Ikakataa.

Apollinaire akabadilisha mpira wa esansi, akafungua karibiratere, pale esansi inachanganyika na hewa, akapuliza kila tundu. Kwake ikawaka kama wimbo. Kwetu ikakataa. Asubuhi moja yenye upepo mwingi ilishika kidogo, Bienvenu akapiga kelele za furaha, upepo ukapita, mota nayo ikazimika. Jioni ile Merdi alikuja, akasikia habari, akacheka mpaka akashika ubavu.

«Kaka, hiyo mota iko na bibi yake kule kwa Wanande wa Butembo. Kwako inakuja kulala tu.»

Bienvenu hakucheka. Alitembea toka mlango mpaka ukuta, toka ukuta mpaka mlango.

«Anatucheza,» akasema. «Huyu Apollinaire anatucheza. Kwake anaweka kitu kizima, siye tukiondoka anatoa, anatia kibovu. Anataka tuchoke, tumuachie mota bure.»

«Nimemuangalia kila mara,» nikasema. «Hakutoa kitu.»

«Weye unajua mota?»

«Mikono ninajua.»

Hakunisikia. Kesho yake alikwenda pale dukani na mimi nyuma yake. Apollinaire alikuwa amelala chini ya pikipiki, miguu nje.

«Toka uko chini, mwizi!»

Apollinaire alitoka polepole, anajipangusa. «Papa Bienvenu, umesema nini?»

«Unisikie vizuri. Mota inawaka paka kwako, kwako tu. Kwangu hapana. Juu ya nini? Umeiroga ao umeiiba?»

Mama Kaswera alitoka na mwiko wa foufou mkononi. «Ee! Mutoto wa dada yangu haibe! Kama mota inakukataa, pengine inasikia harufu yako!»

Watu walikuwa wamejaa tayari. Apollinaire hakupiga kelele. Alisema tu: «Nionyeshe mahali unaiwashia. Nitakuja kuona.»

«Uone mahali nimeficha? Ili uwaambie wenye bunduki?»

Basi ikaisha vile. Jioni Bienvenu alitoa mfuko wake juu ya dari, akatia shati mbili, tochi, kipande cha sabuni. Merdi alikuwa ameshamulipia nafasi kwenye lori iliyokuwa inapita asubuhi kwenda Minova, Bukavu, kisha Hombo mpaka Walikale. Mota atamuachia Mama Kaswera kama malipo ya bujii na kazi yote. Boti nitaweza kukamulia ndizi.

«Tuliambiana, Dusabe.»

«Tuliambiana,» nikasema.

Sikulia. Nililala nikiangalia giza, na mguu wake unatikisa kitanda, na mimi ninarudia ndani ya kichwa kila kitu nilichoona kule bondeni. Majani yasiyochungwa. Kichwa kinachouma mutu akipiga magoti, na kinachopona akikaa juu ya mawe. Upepo ulipopita, mota ikashika. Na kitu kingine ambacho macho yangu yaliona bila mimi kukitia maanani: siku zote nilipomupelekea viazi, inzi walinifuata kutoka nyumbani mpaka kwenye mawe, wakinizunguka, na nikishuka chini wananiacha. Inzi gani anaacha chakula?

Asubuhi aliondoka bado kuna ukungu, kwenda kufungua mota kwenye pipa. Mimi nilijaza mbabula makala yenye moto, nikachukua sufuria ya chai, nikafuata. Nilijisemea mutu hatoki safari bila chai. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Ziwa lilikuwa limelala kama bati.

Kwenye mawe, makala yangu yalikuwa mekundu. Nilishuka kidogo, yakawa mekundu. Nilipofika karibu na boti nikainama kuweka mbabula chini, kwenye majani, na moto ukafifia mbele ya macho yangu kana kwamba mutu ameufunika na mkono. Hakukuwa na mvua. Hakukuwa na umande juu ya makala. Nikainua mbabula mpaka kifuani, nikapuliza, makala yakafungua macho. Nikashusha tena. Yakafunga.

Nikaita: «Bienvenu!»

Alikuwa kule chini, kwenye magoti, amekumbatia mota. Hakugeuka. Nikaita tena. Aliinua kichwa polepole sana, mdomo wazi, kama samaki juu ya mukeka, kisha akalala ubavu ndani ya yale majani mazuri.

Sijui nani alinifundisha, labda ni woga wenyewe. Nilivuta pumzi nikiwa juu ya jiwe, nikaifunga ndani, nikashuka na ile kamba ya kuvutia boti. Nikaipitisha chini ya makwapa yake. Nilipofunga fundo, pumzi ikaniponyoka, na hewa niliyovuta badala yake ilikuwa chachu, inachoma pua kama kasiksi iliyolala. Nikapanda nikianguka anguka. Juu ya mawe nikapumua, nikazungusha kamba kwenye jiwe, nikavuta. Bwana wangu si munene, lakini siku ile alikuwa mzito kuliko boti. Nilivuta kama tunavyovutaka ng'ombe iliyozama kwenye matope: unavuta, unafunga, unapumzika, unavuta.

Alipofika kwenye mawe alikohoa, akatapika, akaanza kupumua. Alikuwa na rangi ya majivu.

«Lori imepita?»

Njo neno lake la kwanza. Nilitaka kumupiga.

«Bado,» nikasema. «Angalia.»

Nikamuonyesha mbabula. Juu, moto. Chini, hakuna moto. Juu. Chini. Alikuwa mutu mwenye akili bwana wangu, hata akiwa amelala kwenye matapishi yake.

«Mota nayo inapumua,» nikamwambia. «Kama weye.»

Akafunika uso na mikono yote miwili. «Nimemuita mwizi mbele ya watu.»

«Ulimuita.»

«Na mimi ninasafiri leo.»

«Nipe muda wa kujaza pipa moja. Kwa huku juu.»

«Hata ikiwaka, Merdi ameshatoa pesa. Lori ikipiga honi, Dusabe, ninapanda.»

Nilikimbia dukani. Apollinaire alikuwa anafungua mlango wa ua. Nilimwambia maneno yote pamoja, moto, inzi, bwana wangu amelala, na yeye alichukua tu funguo zake za kufungulia mota na kunifuata. Alipofika juu ya mawe alimuangalia Bienvenu pale alipokaa na mfuko wake wa safari pembeni.

«Habari ya asubuhi, Papa Bienvenu. Nimekuja kuiba tena.»

Bienvenu aliinamisha kichwa. «Iba haraka, kaka. Ninangoja lori.»

Apollinaire alijifunga kitambaa cha mayi usoni, nikamwambia hakisaidie kitu, avute pumzi yake hapa na kuirudisha hapa. Alishuka, akalegeza skrubu moja, akapanda kupumua, akashuka tena. Tuliivuta mota na kamba, kisha pipa. Tuliliweka juu, mahali peupe, mbele ya ziwa na barabara vyote, ambapo mutu yeyote angetuona. Bienvenu alitaka kusema juu ya wenye bunduki, akaacha.

Mayi ilikuwa kazi yangu. Nilikimbia ziwani na bido, dumu la plastiki, ninapanda, ninamwaga, ninashuka. Kila nilipomwaga nilisikia kama kuna gari. Bienvenu naye alikuwa anageuza kichwa upande wa barabara, na mguu wake ulikuwa umeanza tena kupiga jiwe. Pipa lilikuwa halishibi. Apollinaire alifunga ubao, akashusha mkia wa mota, akapima mayi na kidole.

«Bado bido moja.»

Nilileta. Akampa Bienvenu kamba.

«Vuta weye mwenyewe. Mimi nisiguse, usiseme nimeweka kitu.»

Bienvenu alisimama. Akavuta. Ikakohoa. Akavuta tena.

Ikawaka. Ilitoa moshi wa buluu, ikatulia, ikaanza kuimba kwa sauti ya kupasua masikio, na mayi ndani ya pipa ikawa inaruka kama ndagala. Bienvenu aliifungulia zaidi, akafunga macho. Apollinaire aliinamia karibiratere, sikio karibu, anatabasamu peke yake. Nicole alikuja anakimbia na kanga yake kiunoni, akasimama, akaangalia pipa, akaangalia alama ya shimo kule chini kwenye majani.

«Mulikuwa munaiwashia kule?» akanipigia kelele sikioni. «Ndani ya mazuku? Ile hewa inaua watu!»

«Hukuniambia!»

«Nilikuambia! Nilisema hatufungiake mbuzi!»

Kila mutu pale alikuwa amegeukia mota, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimesimama na bido tupu, uso wangu barabarani. Njo maana niliiona lori peke yangu. Ilisimama mbele ya duka la Mama Kaswera, magunia mpaka juu, na Merdi juu ya magunia. Honi sikuisikia, lakini nilijua dereva anaipiga, kwa vile kuku walitawanyika. Merdi alivua shati akalipunga juu ya kichwa. Alipunga muda mrefu. Mota yetu ilikuwa inapiga kelele zake zote, na bwana wangu alikuwa bado amefunga macho, mkono kwenye mshikio wa gazi, mguu wake chini, umetulia.

Lori ikaondoka. Vumbi lake likakaa juu ya migomba.

Bienvenu alizima mota. Kimya kilitushukia kikubwa mpaka nikasikia mayi inadondoka kutoka kwenye mkia. Alipangusa uso na mkono mweusi wa mafuta, akaangalia mfuko wake juu ya jiwe.

«Merdi hajafika?»

Apollinaire aliniangalia. Akaangalia lile vumbi lililokuwa bado linaelea upande wa Minova. Kisha akainama chini, akaanza kutafuta kwenye majani turnevisi ya kufungulia skrubu, aliyokuwa ameishika mkononi.

«Pipa imepungua mayi,» nikamwambia bwana wangu. Nikachukua bido. «Ninaleta ingine. Vuta tena, tuone kama inashika mara ya pili.»

Akazungusha kamba kwenye mkono, akavuta.